Uteuzi wa Teknolojia ya Kuundia Programu na Mahitaji ya Mtumiaji wa Kiswahili: Mfano wa Kumbukumbu za Uvuvi Kisiwani Mafia

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna uteuzi wa teknolojia ya kuundia programu unavyoamua, kabla ya tafsiri yoyote kufanywa, ni Kiswahili kipi mtumiaji ataweza kukisoma na kukiandika. Mfano unaochambuliwa ni kazi ya kunukuu mavuno ya samaki kisiwani Mafia, mahali ambapo majina ya samaki, vyombo, saa na majira ya bahari yana mpangilio wake katika usemi wa wavuvi. Hoja kuu ni kwamba maamuzi yanayochukuliwa kuwa ya kihandisi, kama vile njia ya mawasiliano, zana ya ujanibishaji, muundo wa hifadhidata na injini ya utafutaji, ni maamuzi ya kiisimu pia, na kwamba gharama ya kuyakosea humwangukia mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya Kiswahili na teknolojia, swali lililochukua nafasi kubwa ni la istilahi. Kompyuta iitwe ngamizi, iitwe tarakilishi, au iachwe kompyuta? Neno la kufungulia akaunti liwe nywila au nenosiri? Swali hilo lina uzito wake, na vyombo kama BAKITA na iliyokuwa TUKI vililishughulikia ipasavyo. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo kwa kawaida huamuliwa wanaisimu wakiwa hawajaitwa bado: programu itaundwa kwa zana ipi, na itamfikia mtumiaji kupitia kifaa gani. Mfasiri anapofika, mlango anaopaswa kuupitia umekwisha kupimwa upana wake.

Historia fupi ya matukio mawili inaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya istilahi iliyofanywa humo ilikuwa ya uangalifu, na faharasa yake ilikuwa mchango wa kweli kwa waliofuata. Lakini chombo kilichochaguliwa kilikuwa kompyuta ya mezani, na katika miaka hiyo wengi wa waliokuwa nayo walikuwa watu wa ofisini na vyuoni waliokwisha kuizoea menyu ya Kiingereza. Miaka minne baadaye, mwaka 2008, M-Pesa iliingia Tanzania kupitia Vodacom, mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa Kenya. Menyu yake ilikuwa na maneno machache sana, na karibu yote yalikuwapo sokoni kabla ya simu: tuma, toa, lipa, salio, wakala, namba ya siri. Hakuna aliyehitaji faharasa. Kiswahili kikaingia katika mikono ya muuza samaki na mpiga debe kwa sababu teknolojia iliyochaguliwa ilikwishakuwa mikononi mwao.

Si haki kulinganisha miradi hiyo kana kwamba ilikuwa na lengo moja. Kinachofaa kuzingatiwa ni kwamba ubora wa tafsiri haukuwa ndio uliotofautisha kuenea kwake.

2.0 Mafia na uzito wa kumbukumbu

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, makao yake makuu yakiwa Kilindoni, na ndani yake mna visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 822 hivi. Kitabu cha Christine Walley cha mwaka 2004 kimechunguza kwa kina mivutano iliyoizunguka hifadhi hiyo, hususani kuhusu nani ana kauli juu ya bahari. Upande wa kaskazini ya kisiwa umeelezwa na Pat Caplan katika utafiti alioanza mwaka 1965. Ingawa wataalamu hao wawili wana maswali tofauti, kazi zao zinamwandaa msomaji kuelewa kwamba kisiwani humo maneno ya mwananchi na maneno ya ofisi hayajawahi kuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo kumbukumbu za mavuno zinapopata uzito. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, vina sehemu katika ukusanyaji wa takwimu. Uamuzi wa kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, wa kuruhusu aina fulani ya nyavu au wa kuikataza, hutafuta nguvu katika takwimu hizo. Mavuno yakinukuliwa vibaya, mvuvi hupoteza hoja ambayo angeitoa mkutanoni, na hawezi kuirejesha kwa kusema kwamba fomu haikuwa na neno lake.

Mfano unaotumika katika makala hii si mfumo mmoja mahususi. Ni kazi ambayo mifumo mingi hujaribu kuifanya: mnukuzi aliye dikoni, akiwa na simu, anaandika chombo kilichotia nanga, samaki walioletwa, uzito wao, mahali walipovuliwa na wakati. Hata neno la kwanza la kazi hiyo lina ubishi. Nyaraka rasmi huzungumzia mwalo na mialo, neno linalotawala katika uvuvi wa maziwa ya bara. Katika Kiswahili cha mwambao, neno la siku nyingi ni diko. Programu iliyoundwa kwa ajili ya Ziwa Victoria na kuletwa pwani bila kubadilishwa humsalimu mtumiaji kwa neno la kigeni katika lugha yake mwenyewe.

3.0 Nyota, reli na ritifaa

Njia ambayo hufikiriwa kwanza, na mara nyingi kwa sababu nzuri, ni USSD, yaani huduma ambazo watu huziita kwa vitufe vyake: nyota, tarakimu, reli. Haihitaji simu janja wala bando, kitochi kinatosha. Hata hivyo, inadai mtandao uwe hai tangu mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo. Mtandao ukikatika katikati, kilichojazwa hupotea, na mnukuzi huanza upya. Ujumbe mfupi wa maandishi hauna udhaifu huo, kwani husubiri ukapokelewa mtandao unaporudi, ila humtaka mwandishi akumbuke mpangilio wa taarifa bila kuongozwa. Programu tumizi ya simu janja inaweza kuhifadhi kumbukumbu ndani ya simu na kuzituma baadaye, jambo ambalo kwa mtu aliye kwenye kisiwa kidogo au baharini ni kubwa kuliko uzuri wa rangi zake. Kwa hiyo, usemi wa kawaida kwamba USSD ndiyo teknolojia ya vijijini hauna budi kupimwa: kifaa rahisi zaidi kinaweza kuwa ndicho kinachodai mtandao thabiti zaidi.

Njia hizi zina mipaka ya herufi, na mipaka hiyo inagusa tahajia ya Kiswahili moja kwa moja. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, na ukurasa mmoja wa USSD hubeba 182, iwapo herufi zote zimo katika alfabeti ya msingi ya simu za GSM. Kiswahili sanifu kina bahati hapa, kwa sababu hakina herufi zenye vituo juu wala chini. Kina alama moja tu inayoweza kukiponza, nayo ni ritifaa ya ng'. Ritifaa iliyonyooka, kama ile ya kwenye kibodi ya kawaida, imo katika alfabeti hiyo. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kumuuliza mwandishi, haimo. Herufi moja isiyomo ikiingia, ujumbe mzima husimbwa kwa mfumo mwingine unaotumia nafasi kubwa zaidi kwa kila herufi, na uwezo hushuka hadi herufi 70 kwa ujumbe mfupi na 80 kwa ukurasa wa USSD.

Inafaa kuliona jambo hilo katika menyu halisi ya dikoni:

Samaki wameandaliwaje?
1. Wabichi
2. Wa barafu
3. Ng'onda
4. Wa kukaanga
5. Wa moshi
0. Rudi

Menyu hii ina herufi 92, pamoja na nafasi na mikato ya mistari. Ikiwa ng'onda imeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, inaingia kwa raha na nusu ya ukurasa inabaki tupu. Mwandishi akiinakili kutoka kwenye hati iliyochapwa kwa programu ya ofisini, ikaja na ritifaa iliyopinda, menyu inazidi kikomo cha herufi 80: kutegemea mitambo ya kampuni ya simu, inaweza kukataliwa, kukatika kabla ya neno moshi kumalizika, au kuonyesha alama ya kuuliza katikati ya ng'onda. Mhandisi asiyejua chanzo huishia kuliondoa neno hilo na kuweka "waliokaushwa". Kwa njia hiyo, neno la pwani lenye maana yake kamili, la samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, hutoweka kwenye kumbukumbu kwa sababu ya alama ambayo hakuna aliyeiona.

Dawa ni rahisi mno: programu ibadilishe ritifaa zote kuwa zilizonyooka kabla ya kutuma. Ni mstari mmoja wa msimbo. Lakini hauandikwi na mtu asiyejua kwamba ng na ng' ni sauti mbili.

4.0 Upatanisho wa kisarufi na zana za ujanibishaji

Mwanaisimu anaweza kudhani kwamba tatizo kubwa la ujanibishaji ni maneno. Kwa Kiswahili, tatizo kubwa zaidi ni sentensi zinazoungwa na mashine. Waundaji wa programu hupenda kuandika sentensi yenye nafasi ya kujazwa, kwa mfano jina la chombo na idadi yake, kisha kitenzi kisichobadilika. Katika Kiingereza, mbinu hiyo hufanya kazi kwa kiasi kikubwa. Katika Kiswahili, kila jina linaloingia katika nafasi hiyo huja na upatanisho wake: mtumbwi 1 umesajiliwa, mitumbwi 3 imesajiliwa, dau 1 limesajiliwa, madau 3 yamesajiliwa, ngalawa 1 imesajiliwa, ngalawa 3 zimesajiliwa. Tukio ni moja, na viambishi vya upatanisho ni vitano. Akiongezwa pweza, ambaye umbo lake ni kama la ngalawa lakini hupatana kama kiumbe hai, inadhihirika kwamba mashine haiwezi kukisia upatanisho kwa kutazama umbo la nomino.

Zana za ujanibishaji hazilingani katika kulikabili jambo hili. Gettext, ambayo ni kongwe na imetumika katika miradi mingi ya programu huria, inampa mfasiri nafasi ya kutofautisha umoja na wingi tu. Kanuni za wingi za CLDR, ambazo mifumo mingi ya simu huzifuata, nazo zinakipa Kiswahili makundi mawili, la moja na la mengineyo. Hilo ni sahihi kwa idadi, ila ngeli haikuguswa. ICU MessageFormat ina kipengele cha kuchagua kilichozoeleka kwa jinsia za lugha za Ulaya, na hakuna kinachozuia kukitumia kwa ngeli, ilimradi mhandisi akubali kupitisha taarifa ya ngeli pamoja na kila nomino. Fluent ya Mozilla, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, imeenda mbele kidogo: mfasiri mwenyewe anaweza kulibandikia neno sifa ya kisarufi ndani ya faili la tafsiri, kisha sentensi nyingine zikaisoma sifa hiyo na kuteua umbo la kitenzi, bila msimbo mkuu kuguswa. Kwa lugha ya ngeli, huo ndio uhamisho wa madaraka unaohitajika, kutoka kwa mhandisi asiyejua lugha kwenda kwa mfasiri anayeijua.

Wapo wanaoikwepa kazi hii kwa kuandika "Usajili umekamilika: ngalawa, 3". Ni suluhisho halali, na pengine la busara katika ukurasa wa herufi 182. Likitumika kila mahali, hata hivyo, hujenga lugha ya risiti isiyo na mtendaji wala mtendwa, na mtumiaji huzoea kwamba Kiswahili cha simu ni orodha za nomino zilizofuatiwa na nukta pacha.

5.0 Majina ya samaki na muundo wa hifadhidata

Changu si samaki mmoja. Ni jina linalokusanya spishi kadhaa, na wavuvi huzitofautisha kwa kuongeza neno la pili. Chewa vivyo hivyo. Hifadhidata iliyojengwa juu ya majina ya kisayansi humlazimisha mnukuzi kuchagua spishi ambayo pengine hakuitazama vizuri, na jambo la kawaida katika orodha ndefu ni kuchagua jina la kwanza linalokaribia. Iliyojengwa juu ya jina changu peke yake humnyima mtaalamu wa viumbe kile anachokitafuta. Kati ya makosa haya mawili, la kwanza ni baya zaidi, kwa kuwa takwimu zake zinaonekana za uhakika na hazionyeshi mahali zilipokosewa.

Njia ya tatu ni kutenga nguzo mbili: jina kama lilivyotamkwa dikoni lihifadhiwe bila kusahihishwa, na jina la kisayansi liwekwe baadaye na mwenye ujuzi, likiwa na nafasi ya kubaki tupu. Hili linahitaji zana isiyoogopa matini huru. ODK, programu huria ya kukusanyia data kwa simu za Android, ina sifa mbili zinazofaa hapa. Hufanya kazi pasipo mtandao, na fomu zake huandikwa katika lahajedwali lenye nguzo moja kwa kila lugha. Hakuna kanuni inayodai kwamba nguzo ya pili iwe Kiingereza. Inaweza kuwa Kiswahili cha Mafia kando ya Kiswahili sanifu, na kila swali likaambatanishwa sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya asiyesoma kwa wepesi. Udhaifu wake ni kudai simu janja, na kwa sababu hiyo inamfaa mnukuzi mmoja wa diko kuliko kila mvuvi. Mchanganyiko wa njia, yaani ODK kwa mnukuzi na ujumbe mfupi kwa mvuvi anayetaka kujua kilichoandikwa juu ya mavuno yake, unaelekea kuyahudumia mahitaji yote mawili kuliko mfumo mmoja unaojaribu kumtosheleza kila mtu.

6.0 Saa ngapi, siku gani

Mvuvi akisema alitoka saa 10 alfajiri, ana maana ya saa ambayo simu huionyesha kuwa 04:00. Kisanduku cha kawaida cha saa katika Android au katika kivinjari hakijui hesabu hiyo, na mnukuzi hulazimika kugeuza kichwani kwa kila chombo kinachofika. Atakapochoka ataandika 10:00, na safari ya usiku itageuka kuwa ya mchana. Kwa anayetaka kujua ni spishi zipi huvuliwa gizani, kosa hilo ni la msingi. Kujenga kisanduku kinachopokea saa ya Kiswahili pamoja na kipindi chake (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku) na kuigeuza chenyewe ni kazi ndogo, ilimradi zana iliyochaguliwa iruhusu kisanduku cha kujitengenezea. Baadhi ya zana za fomu zilizokwisha kuundwa haziruhusu, na hilo latosha kuwa sababu ya kutozichagua.

Siku nayo ina utata. Katika hesabu ya Kiislamu iliyozoeleka mwambaoni, usiku huitangulia siku yake, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao kalenda ya simu huuita Alhamisi. Katika usemi wa wengine, hasa vijana na watu wa bara, usiku wa Ijumaa ni Ijumaa baada ya magharibi. Mfumo hauwezi kuamua upi ni sahihi. Unaloweza kufanya ni kuuliza kwa namna isiyo na utata: usiku wa kuamkia lini?

Tena kuna bahari yenyewe. Pweza huchokolewa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba kuwa wazi. Wakati wa maji mafu kazi hiyo hupungua. Takwimu zilizopangwa kwa wiki za kalenda huonyesha mavuno yakipanda na kushuka kana kwamba bila sababu, ilhali zikipangwa kwa umri wa mwezi mtiririko wake hueleweka. Umri wa mwezi hukokotolewa kutokana na tarehe, kwa hiyo mnukuzi hahitaji kuulizwa. Anayehitaji kuulizwa ni mvuvi, na mapema: je, ripoti anayoletewa imepangwa kwa Januari na Februari, au kwa bamvua, kusi na kaskazi? Ripoti ya namna ya kwanza anaweza kuisikiliza. Ya namna ya pili anaweza kuibishia.

7.0 Utafutaji

Kumbukumbu zikishakuwa nyingi, mtu atataka kutafuta ndani yake. Mashine nyingi za utafutaji hupunguza maneno hadi mashina yake ili anayetafuta neno moja apate na jamaa zake. Snowball, mkusanyiko wa kanuni za kupata mashina unaotumiwa na hifadhidata ya PostgreSQL, hauna Kiswahili katika lugha zake za kawaida, na falsafa yake ya jumla ni kukata miisho ya maneno. Katika Kiswahili, sehemu kubwa ya kazi iko mwanzoni: walivua, hatukuvua, wakivua na anayevua havikutani mahali popote kwa kukatwa miisho, na vuliwa huongeza ugumu wake mwishoni. Elimu ya kulishughulikia jambo hili ipo siku nyingi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuujenga mfumo wa SALAMA wa uchanganuzi wa Kiswahili mwaka 1985. Kilichokosekana ni daraja kati ya kazi hiyo na zana ambazo mhandisi wa kawaida huzipakua.

Kwa mradi mdogo, hakuna haja ya mchanganuzi kamili. Orodha ya vitenzi mia chache vya uvuvi na viambishi vyake inaweza kutosha, pamoja na majina yenye utata yaliyowekewa alama. Mojawapo ni kamba: mtafutaji akiliandika peke yake, mfumo unapaswa kumwuliza kama anataka kamba wa kuliwa, kamba koche, au kamba iliyoorodheshwa kati ya zana za chombo. Orodha hiyo haiwezi kuandikwa Dar es Salaam. Lazima mtu akae dikoni, Jibondo na Kilindoni, kusi na kaskazi, akisikiliza vyombo vinapofika. Na fedha za kazi hiyo ziwekwe katika bajeti ya awamu ya kwanza ya mradi, kabla zana haijachaguliwa.